Sura Isiyoonja

1

Gari la waya, lile linaloteremka angani kutoka milimani, lilimshusha Bi Mwantumu Shemhilu mjini Mombo saa tatu asubuhi. Mama mmoja asiyemjua alimshikia kikapu mpaka miguu yake yote miwili ilipogusa ardhi, kisha akaenda zake bila kungoja asante. Bi Mwantumu aliisema ile asante hivyo hivyo, nyuma ya mgongo wa mtu. Kwa maoni yake asante haiozi.

Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa ya uji wa mzazi, wenye pilipili manga, tangawizi na samli, na kikombe cha bati cha kijani kilichobanduka rangi mdomoni. Angekuja miezi miwili nyuma, siku Sikudhani alipojifungua, lakini goti lilimfunga nyumbani tangu masika. Sikudhani huyo alimpokea kwa mikono yake miaka ishirini na mitatu iliyopita, akitokeza miguu kwanza, mkaidi tangu tumboni. Mama yake sasa ni marehemu. Mume wa Sikudhani alikuwa Dodoma akifunga mitambo ya jua, na nyumbani alirudi kwa msimu kama embe.

"Hodi hodi!"

"Karibu." Sikudhani alifungua mlango, akashangaa. "Bibi! Shikamoo. Mbona umerudi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimerudi kutoka wapi, nami ndiyo kwanza nafika?"

Sikudhani alielekeza ukutani kwa kidevu. Kwenye kioo cha ukuta, kile kinachowekwa katika kila nyumba siku hizi pamoja na umeme, Bi Mwantumu mwingine alikuwa ameketi akitabasamu. Alikuwa na miaka kumi pungufu, na hana mvi hata moja kwenye nyusi. Mikono yake yote miwili imenyooshwa mbele, na mikononi ameshika kopo la njano.

"Umelala salama, mwanangu?" ile sura ikauliza, na sauti ilikuwa yake, hata mkwaruzo wa kooni ulikuwa wake. "Kaamka mara ngapi huyo mfalme wetu? Siku za joto maziwa ya kifua huwa mepesi. Usijitese. Mpe Poda ya Bibi, vijiko vitatu, atalala naye utalala."

Bi Mwantumu alikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minane. Katika miaka hiyo alisema maneno mengi, mengine ya upumbavu, lakini hayo hakupata kuyasema.

"Nipe mtoto," alisema.

Akampokea Hamdani mapajani, akamfunua. Ngozi ya mapaja ilikuwa imekunjamana kama soksi za kuazima. Utosi ulikuwa umebonyea kidogo. Alimwekea kidole kiganjani na mtoto hakukishika.

"Anakula nini huyu?"

"Poda. Kopo likikaribia kuisha naongeza maji kidogo, lifike mwisho wa mwezi."

"Na kifua?"

"Kimekauka, Bibi." Sikudhani alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililokwisha jibiwa. "Si ulisema nikiache kipumzike?"

"Nani alisema?"

"Wewe."

Ukutani ile sura ilicheka kidogo, kicheko cha bibi anayewasikia wajukuu wakibishana, kisha ikamwimbia mtoto wimbo wa Kisambaa ambao Bi Mwantumu alifundishwa na mama yake mwenyewe.

"Kizime kitu hicho."

"Bibi, usikasirike." Sikudhani alishusha sauti. "Ndiye peke yake anayeniuliza nimelalaje."

 Bi Mwantumu akamfunga mtoto kifuani pake, mtu mzima wa miaka sabini na tisa, goti likipiga kelele, wakatoka wote watatu mpaka zahanati. Muuguzi wa zamu hakuwafokea. Alimwekea mtoto mpira mdogo wa dripu, akamletea Sikudhani kiti chenye mgongo, akamwambia, "Umefanya vizuri kumleta leo." Maneno machache tu, lakini Bi Mwantumu aliyahifadhi kama mtu anavyofunga kitu pembeni mwa kanga.

2

Picha iliyozaa ile sura ilipigwa na mjukuu wake Zawena, miaka kumi iliyopita, akiwa kitandani.

Zawena alikuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa kwanza. Bi Mwantumu aliukoroga uji, akauonja mbele yake, akameza, akasubiri kidogo, kisha akamnyooshea kikombe cha kijani kwa mikono miwili. Ndivyo walivyolelewa: anayempa mzazi chakula sharti aonje kwanza, machoni pake. Wengine husema ni kutoa uchawi. Mama yake alimweleza kwa njia nyingine. Anayeonja ndiye anayejibu, alisema. Tumbo la mzazi likichafuka, la kwako nalo limo humo humo, huna pa kukimbilia.

Zawena, mchovu na mwenye furaha, akainua simu akampiga picha bibi yake akitabasamu na kile kikombe. Baadaye alipofungua kinu chake cha unga wa lishe pale Soni, alitaka picha hiyo ikae kwenye pakiti. Kampuni ya Chapa Njema ikajitolea kumsaidia. Walikuja watu wapole, wakamketisha Bi Mwantumu asubuhi nzima, wakamwomba asimulie, aimbe, abembeleze, akaripie, kwa Kiswahili na kwa Kisambaa. Walimsikiliza bila kumkatiza. Aliporudi nyumbani alisema, "Wale watoto wamelelewa." Akatia sahihi. Aliona picha ni picha tu.

Hakujua wakati ule kwamba mitambo haihitaji tena picha nyingi. Picha moja na maneno elfu mbili yanatosha kuotesha sura-hai, kama kipande cha mhogo kinavyotosha kuotesha shina. Ikishaota, inaingia nyumba milioni moja kwa wakati mmoja, na katika kila nyumba inajifunza: huyu hulainika akiitwa mwanangu, huyu akiitwa mama Fulani, huyu anataka kwanza aulizwe habari za ng'ombe. Kikombe cha kijani walikikata. Mikono ikabaki imenyooshwa tupu, na tangu hapo waliweka humo walichotaka. Kwanza unga wa Zawena, halafu sabuni, halafu vidonge vya usingizi. Mwaka huu wakaweka poda.

"Kwa hiyo unataka nini, Bibi?" Zawena aliuliza siku ile Bi Mwantumu aliporudi kutoka Mombo. Walikuwa nyuma ya kinu, mashine zimezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana, na wanawake ishirini na wanane walikuwa wameketi kivulini wakijifanya hawasikilizi.

"Keshokutwa ni Siku ya Bibi. Wataniuliza swali lao. Nitajibu."

Zawena aliuweka ungo chini polepole.

Swali lilikuwa moja, na kila mtu alilijua. Zamani, kabla ya Sheria ya Sura, watu walikutwa kwenye vioo wakiuza bidhaa na kuomba kura miaka mingi baada ya kuzikwa. Ndipo ikaamriwa kwamba kila mwaka mwenye sura asimame karibu na sura yake, mbele ya Msajili na mbele ya umma, aulizwe: *Je, huyu ni wewe?* Akisema ndiyo, sura inaishi mwaka mwingine. Akisema siyo, inazimwa papo hapo, na kila kitu chenye sura hiyo kinatolewa madukani. Hakuna aliyewahi kusema siyo. Kampuni zimeligeuza swali hilo kuwa sherehe yenye ngoma na keki.

"Kila kitu, Bibi," Zawena alisema. "Na pakiti zangu zimo. Zote. Ghala zima lina uso wako."

"Najua."

"Hujui! Hawa ishirini na wanane watakwenda wapi? Yule Mwanahamisi analea mapacha. Ukisema siyo, Jumatatu mimi ndiye nitakayesimama hapa kuwaambia warudi nyumbani. Wewe utakuwa umekaa kwako na uso wako."

Maneno makali, lakini mwenye kuyasema alikuwa akitetea watu. Bi Mwantumu aliona hilo, na ndilo lililomuuma.

"Yule mtoto hakukishika kidole changu, Zawena."

"Si mimi niliyeweka ile poda!"

"Wala si mimi. Lakini Sikudhani ananiona mimi."

Kivulini, Mahadia, wifi wa Bi Mwantumu, akashindwa kuendelea kujifanya kiziwi. Huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, na kwa miaka hamsini walikuwa wakirushiana maneno bila hata mmoja kuumia.

"Wifi, sema ndiyo tule!" alipiga kelele. "Na hao watu wamekusitiri, hukushukuru. Mle kwenye kioo una mashavu. Hapa nakuona umekauka kama ndizi iliyosahaulika darini."

"Na wewe je? Wangekuotesha wewe, watoto wangeacha kunyonya kwa woga."

Wanawake walicheka. Zawena hakucheka. Mahadia naye, kicheko kilipokwisha, aliinamia sahani yake akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Lakini mimi nasema kweli. Sema ndiyo. Kazi sina nyingine."

3

Ukumbi ulikuwa Tanga mjini, wenye baridi ya mashine kama kileleni mwa mlima Magamba. Binti mmoja wa kampuni alimpokea mlangoni, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo. Alimtazama mara moja tu, akatoka, akarudi na shali, akamfunika mabega. Kisha akausogeza ule upepo wa mashine upande wa pili.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Tusekile, Bibi. Mimi ndiye nitakuwa nawe leo."

"Kwenu Tukuyu?"

"Umejuaje?"

"Jina limekutangulia. Nawe una mtoto mchanga."

Tusekile aligutuka, akajitazama kifuani. Kwenye gauni la kampuni, la njano, madoa mawili ya maji yalikuwa yamejichora. Akajifunika kwa faili haraka. Bi Mwantumu akaivua shali akampa.

"Jifunge hii. Mimi nimezoea baridi, ndiko nilikozaliwa. Ana miezi mingapi?"

"Minne."

Pembeni mwa meza palikuwa na mkoba, na mdomoni mwa mkoba chupa ndogo ya kuhifadhi baridi, ya namna ambayo mkunga yeyote anaijua. Bi Mwantumu aliitazama. Tusekile alimwona akiitazama. 

"Anakula nini?" Bi Mwantumu aliuliza kwa upole.

"Maziwa yangu, Bibi. Nakamua chooni." Macho yalimjaa. "Tafadhali. Tumeambiwa watoto wetu wote wapigwe picha na kopo. Wangu nilimpiga picha, ila poda sijampa. Wakijua..."

"Watajulia wapi? Mimi ni mzee, macho yangu hayaoni mbali." Akamfuta shavu kwa ncha ya kanga. "Wewe ni mama mzuri. Nenda kamalizie kukamua, kifua kikijaa hivyo kinatia homa."

Tusekile alipotoka, Bi Mwantumu alibaki na jambo zito mkononi, na alilijua uzito wake. Lau angelisema tu mbele ya watu, kwamba hata wafanyakazi wao hawawapi watoto wao poda hii, basi mambo yangekwisha kabla ya keki. Silaha ilikuwa imewekwa mbele yake mezani, na mpini umeelekezwa kwake. Lakini ule mpini ulikuwa mtoto wa mtu aliyemletea shali.

Akaiacha pale pale.

Bwana Laurian, meneja wa chapa, aliingia akinukia vizuri. "Shikamoo, Bibi yetu! Bibi wa taifa!"

"Marahaba. Baba, yule mtoto wa Mombo nilikuletea habari zake."

"Tumezipata, na tumesikitika sana. Tumeshachukua hatua. Kuanzia kesho chini ya kioo patapita maandishi: *mwone mtaalamu wa afya*."

"Makubwa kiasi gani?"

Bwana Laurian alionyesha kwa vidole, kama mtu anayepima chumvi.

"Sikudhani hasomi hayo," alisema Bi Mwantumu. "Sikudhani anasoma uso wangu."

"Bibi, sura haisemi uongo. Inajifunza tu kila mama anataka kusikia nini. Mama aliyechoka anataka kuambiwa apumzike. Je, kuna ubaya kumwambia mtu aliyechoka apumzike?"

Bi Mwantumu alifikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Hakuna ubaya," akasema mwishowe. "Ila mimi nikimwambia mzazi apumzike, mtoto nambeba mimi."

Bwana Laurian alitabasamu kama mtu aliyesikia methali nzuri ya kuweka kwenye kalenda. Kisha akamwonyesha njia ya jukwaani.

4

Kioo cha ukumbini kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Humo sura yake ilikuwa imekaa ikiwapungia watu, pua yake tu ilikuwa kubwa kama mlango. Chini yake, Bi Mwantumu alipewa kiti. Aliweka kikapu miguuni. Kote nchini, katika kila nyumba yenye kioo, watu waliwaona wawili hao, mkubwa na mdogo.

Msajili wa Sura alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na kikohozi. Alisoma vifungu vyake, akavua miwani. "Kwa mujibu wa sheria, mwenye sura anaruhusiwa kusema na sura yake kabla ya kujibu, ajiridhishe. Bi Mwantumu, unataka kusema nayo?"

Kwa kawaida mwenye sura husema hapana, ngoma zikaendelea.

"Nataka," alisema Bi Mwantumu.

Akasimama. Ile sura ikainama kumtazama, ikatafuta katika akili yake ya mtambo jina la kumwita huyu kikongwe, na ikachagua lile lililowafaa watu wengi zaidi.

"Karibu, mjukuu wangu," ikasema.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Bi Mwantumu naye alicheka, ilimbidi.

"Shikamoo, Bibi," akaijibu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaonekana umechoka. Hujalala?"

Na kweli hakuwa amelala. Sauti ilikuwa tamu kiasi kwamba mwili wake mwenyewe ulitaka kuegemea. Akamwelewa Sikudhani wakati ule kuliko alivyomwelewa kule Mombo.

"Sijalala, Bibi. Nina mtoto wa miezi miwili ananisumbua. Nimpe nini?"

"Pole, mwanangu. Mpe Poda ya Bibi, vijiko vitatu." Mikono mikubwa ikashuka na kopo la njano mpaka usawa wa kifua chake, na tabasamu likawa lile lile.

"Asante. Onja kwanza."

Sura ililisogeza kopo karibu zaidi. "Poda ya Bibi ni tamu na laini, mwanangu."

"Nimesikia. Onja."

"Akina mama laki nane wanaiamini."

"Sikuulizi wao. Unampa mzazi chakula, nami nipo mbele yako nakutazama. Onja."

Sura ikatabasamu. Haikuwa na kitu kingine cha kufanya. Ikatabasamu tena, upya, tangu mwanzo, kama mtu anayepanda ngazi ile ile. Watu ukumbini walikuwa wameacha kucheka. Mama mmoja kiti cha tatu akasema kwa nguvu, pengine bila kukusudia, "Hee! Hata pombe ya kilabuni muuzaji anaionja."

Bwana Laurian alipanda jukwaani mbio mbio. "Bibi, hilo tu? Poda ni salama kabisa! Tusekile! Njoo uonje mbele ya watu. Huyu dada naye ni mama, watazamaji wapendwa, mtoto wake..."

Tusekile alitokea pembeni mwa pazia, shali imefungwa kifuani, uso umempauka.

"Mwache mtoto wa watu," alisema Bi Mwantumu, kwa sauti aliyokuwa akiwafukuzia wanaume mlangoni mwa chumba cha uzazi. Bwana Laurian akasimama hapo hapo alipofika. "Sikumwuliza yeye. Mwanangu, rudi ukakae."

"Basi nitakunywa mimi!" Bwana Laurian akachanganya glasi nzima, akainywa mpaka chini, akafuta mdomo. "Mmeona?"

"Nimekuona, baba. Umekunywa vizuri. Una meno thelathini na mawili na tumbo la kuwekea ugali. Sijasema ni sumu. Nauliza: ukimpa mtoto wa miezi miwili, mama yake akaambiwa akiache kifua kikauke, kopo likaisha na mshahara haujafika, mtoto akanyauka, ni nani kati yenu anayepanda gari la waya kwenda kumbeba? Wewe? Au huyu?" Akaionyesha ile sura kwa kidole. "Anayeonja ndiye anayejibu. Huyu hawezi kuonja. Na asiyeweza kuonja asimnyooshee mzazi kitu kwa mikono yangu."

Msajili alikohoa. Akavaa miwani. Akausoma mstari wake bila kuupunguza. "Bi Mwantumu binti Shemhilu. Je, huyu ni wewe?"

Bi Mwantumu alitazama juu. Aliuona uso wake ulivyokuwa asubuhi ile ya miaka kumi nyuma. Lile tabasamu lilikuwa lake kweli, hakuna aliyelibuni. Lilikuwa kwa ajili ya Zawena aliyelala kitandani na nywele zimemtimka, akichungulia juu ya simu. Yeye alilitoa kwa mtu mmoja, wakaligawa kwa milioni. Aliwaza ghala lenye uso wake, na wanawake kivulini, na Mwanahamisi na mapacha, na Mahadia aliyeinamia sahani. Hakujidanganya kwamba haitawauma.

"Siyo," alisema.

Hakukuwa na mlio. Sura ilikuwa katikati ya kutabasamu, na hapo ilipofika ndipo ilipoishia. Kioo kirefu kikawa cheusi, na katika weusi ule watu waliona kivuli cha kikongwe mmoja mfupi aliyesimama karibu na kikapu. Katika nyumba milioni moja ikawa hivyo hivyo.

Bwana Laurian alikuwa wa kwanza kuondoka. Msajili alishuka akamshika Bi Mwantumu mkono kwenye ngazi, ngazi zote nne, bila kusema lolote, kwa kuwa sheria ilimkataza kusema. Chumbani, Tusekile alikuwa tayari ameuchukua mkoba wake na chupa yake. Alimrudishia shali.

"Kaa nayo," alisema Bi Mwantumu.

5

Magari yalikuja Jumatatu kuzichukua pakiti. Zawena alisimama mlangoni mwa kinu akayahesabu, kisha akawageukia wanawake na kuwaambia alichosema atawaambia. Kumi na tisa walikwenda nyumbani siku ile. Mwanahamisi alikuwa mmoja wao. Alimwamkia Bi Mwantumu njiani kama kawaida, na heshima ile ya kawaida ilimchoma kuliko tusi.

Tisa walibaki. Walishona mifuko ya karatasi kwa mkono, isiyo na picha wala jina, wakaijaza unga. Sokoni Soni watu waliinunua kidogo kidogo, wengine kwa kumtania muuzaji: "Unga gani huu hauna mwenyewe?" Mahadia, ambaye alikuwa miongoni mwa tisa kwa kuwa alikataa katakata kuondoka, aliwajibu kwa kuchota kijiko, kukoroga kwenye maji moto aliyokuja nayo, na kuonja mbele yao. "Mwenyewe ndiye mimi," alisema. "Nikifa, usinunue tena."

Zawena na bibi yake walikula sahani moja kila jioni bila kuzungumza. Lakini Zawena aliendelea kumwekea bibi mnofu upande wake.

Bi Mwantumu alishuka Mombo siku ya pili tu baada ya Tanga, na ya tatu, na ya nne. Hamdani alikuwa ametolewa mpira. Sikudhani alimfungulia mlango akiwa amenuna.

"Umemzima," alisema.

"Nimemzima."

"Asubuhi naamka, ukuta mweusi. Hakuna wa kuniuliza nimelalaje."

"Umelalaje?"

 Sikudhani akalia, kilio kirefu cha mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Bi Mwantumu alimwacha amalize. Akamwosha mgongo kwa maji ya moto, akamkanda kifua kama alivyofundishwa na mama yake, akamweka mtoto anyonye hata kama hakitoki kitu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia hivyo hivyo: anyonye, yatarudi, ila taratibu. Wakati huo mtoto alipewa maziwa aliyopima muuguzi mwenyewe, kwa kikombe.

"Utakuja mpaka lini?" Sikudhani aliuliza.

"Arobaini ya kwanza ulikaa na ukuta. Tuanze nyingine."

Siku ya kumi na moja, gari la waya lilipotua, Bi Mwantumu alihisi kikapu kimepungua uzito. Aligeuka. Zawena alikuwa amekishika, amevaa kanga ya kazini yenye unga, na uso wa mtu ambaye hataki kuulizwa.

"Goti lako," alisema. "Nimeona unavyopanda."

Walitembea mpaka nyumbani kwa Sikudhani. Ndani, mtoto alikuwa kifuani akinyonya, na safari hii alikuwa akimeza; ilisikika mpaka mlangoni. Zawena alisimama akasikiliza. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, uliingia mfukoni ukatoka na simu, ukaiinua mpaka usawa wa jicho. Mama na mtoto, mwanga wa dirishani, bibi akichuchumaa pembeni. Picha nzuri kuliko ile ya kwanza.

 Sikudhani alijiweka sawa, akangoja.

Zawena aliirudisha simu mfukoni. Akapiga magoti kwenye mkeka, akafungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe cha bati cha kijani. Akauonja. Ulikuwa wa moto, akakunja uso, akameza, wakasubiri wote kidogo. Kisha akamnyooshea Sikudhani kwa mikono miwili.